Kuhesabu taa, si samaki

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha PET, mashine inayopiga picha za mwilini kwa kufuata dawa yenye mionzi, kushuhudia kipimo, kipimo hakikufanyika. Mshiriki alikuwa keshalala kwenye kitanda cha mashine, mama wa makamo aliyeomba ruhusa kazini kwa siku nzima. Kichwa chake kimebanwa kwa kinyago cha plastiki na mpira wa sindano umeshafungwa mkononi. Tulikuwa tunangoja simu ya wakemia wa ghorofa ya chini. Ilipolia, fundi wa mionzi akasikiliza, akaguna, akaiweka. "Imekataa."

Maana yake: dawa yenye mionzi imetengenezwa, imepimwa ubora, haikufikia kiwango, na imeachwa ife yenyewe ndani ya sanduku lake. Kutengeneza nyingine kungechukua saa nzima, na saiklotroni, mashine inayozalisha hiyo mionzi, ilishapangiwa wagonjwa wa saratani. Yule mama akafunguliwa, akapewa chai na biskuti, akaombwa radhi. Mimi mgeni nilikaa nikingoja kuona nani atafokewa. Hakufokewa mtu. Msimamizi wangu aliandika mstari mmoja kwenye daftari, akasema twende tukale.

Hospitali yenyewe sitaitaja, wala mji. Ni Skandinavia, inatosha. Nitasimulia makosa humu, na ingawa mengi ni yangu, sioni sababu ya kuwaanika wenzangu.

Nilikwenda huko na shahada ya fizikia, nikiamini kwamba ugumu wa kazi utakuwa kwenye hesabu. Nilichokikuta kwanza ni saa ya ukutani. Kaboni-11, ile kaboni yenye mionzi tunayoibandika kwenye dawa, nusu yake huisha kila baada ya dakika 20 na nukta kadhaa. Ukichelewa dakika 40 umebaki na robo. Aliyewahi kutembeza barafu za ukwaju Tanga saa saba mchana ataelewa haraka kuliko mwanafizikia. Ndiyo sababu saiklotroni lazima iwe kwenye jengo lilelile au la jirani. Inapiga gesi ya naitrojeni kwa protoni, kaboni-11 inatoka ikiwa hewa ya kaboni dioksidi, inageuzwa mara mbili tatu, mwishowe inaungwa kwenye molekuli tunayoitaka. Kazi yote hiyo hufanyika ndani ya masanduku yenye kuta nene za risasi. Risasi ile ya madini, jamani. Nilipomwandikia kaka yangu kwamba ninafanya kazi kwenye chumba chenye risasi alinipigia usiku uleule kuniuliza nimejiingiza kwenye nini.

Molekuli yetu inaitwa DASB. Ilibuniwa Toronto, Kanada, na timu ya kina Alan Wilson na Sylvain Houle, wakaitangaza mwaka 2000. Kabla yake watu walikuwa wanatumia McN5652, iliyofanyiwa kazi sana kule Johns Hopkins, Baltimore, miaka ya 1990. Ile ilikuwa na tabia ya kung'ang'ania kila mahali kwenye ubongo, hata pasipohusika, na ilitoka polepole mno. DASB ni mchaguzi. Inakwenda kwenye visafirishi vya serotonini, inaviacha vya dopamini na vya noradrenalini, kemikali nyingine mbili za ubongo, na inaingia na kutoka kwa kasi inayoweza kupimwa kabla kaboni haijaisha.

Sasa visafirishi ni nini? Seli ya neva inapotaka kumwambia jirani yake jambo, huimwaga serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye upenyo mwembamba ulio kati yao. Ujumbe ukishafika, ile serotonini haiachwi kuzagaa. Kuna protini zimekaa ukutani mwa seli, kazi yake kuizoa na kuirudisha ndani. Hizo ndizo visafirishi. Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini na sitalopramu, zinafanya kazi kwa kuziba hapohapo.

Bibi yangu alisikia habari hizi kwa binamu, zikiwa zimeshapindapinda njiani. Nikampigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Naambiwa huko mnawapima watu furaha."

Nilianza kueleza, nikaona naboronga. Nikamwuliza: usiku ukikaa barazani Sahare, wavuvi wa dagaa wakiwa nje na taa zao, utajuaje mashua ngapi zimetoka? "Si nahesabu taa." Na samaki wangapi wamepatikana? "Aa, hayo nitayajuaje? Mpaka asubuhi, wakirudi." Basi, nikamwambia, kazi yangu ni hiyo. Mashua ni visafirishi. Taa ni dawa yetu yenye mionzi, inayokwenda kupanda kwenye mashua. Samaki ni serotonini, na hao mimi siwaoni kabisa.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo umepanda ndege ukaenda Ulaya kuhesabu taa."

Ndiyo, bibi.

Nimewahi kuueleza mradi wetu mbele ya maprofesa, na sidhani kama niliueleza vizuri kuliko usiku ule. Hadi leo nikisoma mtu ameandika kwamba PET "imeonyesha upungufu wa serotonini" kwa kutumia DASB, namkumbuka bibi. Taa zimepungua, sawa. Huenda mashua zimepungua, au kuna kitu kimezikalia nafasi, au wewe unayehesabu umesimama vibaya. Habari za samaki hazimo.

Baada ya miezi michache nilijitolea kuwa mshiriki mwenyewe, kwa fomu na kibali kama mtu mwingine yeyote. Niliona aibu kuwaambia watu "tulia dakika 90" bila kujua uzito wake. Kiasi cha mionzi kwa kipimo kimoja ni kama milisivati 4, zaidi ya ile ambayo binadamu wa kawaida anaipata kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Dawa yenyewe ni mikrogramu chache tu, huwezi kuisikia mwilini.

Kinyago ndicho nilichokisikia. Ni bamba la plastiki lenye matundu, linalainishwa kwenye maji ya moto, kisha mafundi wawili wanakuvutia usoni kama anayetandika mkate wa kusukuma juu ya bakuli. Joto lake ni tamu, dakika ya kwanza. Halafu linapoa na kukaza, na unagundua kwamba nyusi zako haziwezi tena kupanda. Wakalifunga kwenye kitanda kwa vishikizo. Nikasikia "tunaingiza sasa", ubaridi kidogo mkononi, basi.

Kuanzia hapo hakuna sauti wala mwanga, mashine ya PET haigongi kama ya MRI, ile ya sumaku. Ndani ya kichwa changu, kila kaboni iliyokufa ilikuwa inatoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, positroni inatembea kidogo sana, inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, na badala yake vinatoka vimwale viwili vinavyokimbia kila kimoja upande wake. Vihisi vilivyonizunguka vinavidaka kwa pamoja na kuchora mstari. Mamilioni ya mistari. Mimi nilikuwa nawaza pua. Ilianza kuwasha upande wa kushoto dakika ya 10 hivi, ikahamia kulia, ikarudi. Nilisoma dua zote ninazozijua. Kisha nikasinzia.

Kusinzia si kosa, tunawaruhusu. Kosa ni kushtuka. Wiki mbili baadaye nilipofungua data zangu, niliiona ile shtuka yangu imekaa pale kwenye mchoro. Picha zinapigwa kwa vipande, vya sekunde chache mwanzoni na vya dakika 10 mwishoni, kisha unachora mstari wa jinsi mionzi inavyopanda na kushuka katika kila sehemu ya ubongo. Mstari wa thalamasi yangu, sehemu ya katikati ya ubongo yenye visafirishi vingi, ulikuwa unashuka taratibu kama kilima cha Magoroto, mara ukaanguka ngazi moja baada ya dakika ya 50. Kwa mtu asiyejua, ni jambo la kibiolojia. Kwa anayejua, ni mtu aliyeota ameteleza. Kinyago kile chote na bado kichwa kilikuwa kimesogea kama milimita 3. Viini vya rafe katikati ya shina la ubongo, ambako ndiko seli za serotonini zinakozaliwa na ambako visafirishi vimejaa tele, upana wake wenyewe ni milimita chache tu.

Programu inaweza kurudisha picha mahali pake, kipande kwa kipande. Shida ni kwamba dakika ya 90 kaboni iliyobaki haifiki asilimia 5 ya uliyoanza nayo, picha ni chengachenga, na programu yenyewe inapapasa. Tangu siku ile kila mshiriki ninamwambia mwenyewe kabla hajafungwa: ukitaka kukohoa, kohoa, ukishtuka, tuambie, hatutakasirika, tunachotaka ni kujua dakika.

Nikifika hapa niseme jinsi namba inavyopatikana, maana hapo ndipo nilipoumbuka.

Mionzi unayoiona kwenye thalamasi si yote iliyopanda kwenye visafirishi. Nyingine inaelea tu. Ili kutenganisha unahitaji sehemu ya ubongo isiyo na visafirishi, uitumie kama maji matupu ya kulinganishia. Kwa DASB sehemu hiyo ni serebelamu, ubongo mdogo wa kisogoni, hasa gamba lake la kijivu. Unatoa uwiano wa iliyoshika kwa inayoelea. Thalamasi inaweza kukupa kama 2, gamba la mbele la ubongo robo ya moja hivi, na serebelamu kwa makubaliano ni sifuri. Makubaliano, nimesema. Katikati ya serebelamu kuna utepe uitwao vemisi, na huko visafirishi vipo kidogo. Ukiuchanganya kwenye maji yako matupu, maji si matupu tena, na kila namba ya ubongo mzima inashuka.

Tasnifu yangu ya uzamili ililinganisha makundi mawili ya watu. Nilikuta tofauti kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Tofauti nzuri, yenye nyota pembeni, ile alama ya takwimu kwamba huenda si bahati tu. Usiku ule sikulala. Nilishaanza kutunga sentensi za mwanzo wa makala kichwani, kwa Kiingereza cha kujitutumua.

Asubuhi nilimwonyesha dada mmoja mtafiti, aliyenitangulia miaka mingi. Hakutazama nyota. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Serebelamu nani kachora?" Nikamwambia kundi la kwanza nilichora mimi, la pili nililikuta limeshachorwa na mwanafunzi aliyenitangulia. Alitazama picha moja, ya pili, ya tatu, akanigeuzia kompyuta. Yule mwenzangu alikuwa ameiacha vemisi nje kwa uangalifu. Mimi nilikuwa nimeibeba yote, kama mtu anayechota mchele na pumba zake.

Nikarudi kuchora upya, watu wote, mkono mmoja, siku nne. Tofauti ikanywea kama puto la sikukuu. Haikuisha, ila nyota iliondoka.

Swali la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu jibu lilikuwa kwenye jedwali langu mwenyewe, safu ya tatu, na sikuwahi kuitazama: "Hawa walipimwa lini?" Mashine ilikuwa imeharibika majira yote ya machipuko ya mwaka uliopita. Kundi moja karibu lote lilikuwa limepimwa majira ya baridi. Kundi la pili, kiangazi.

Mtu wa Tanga hafikirii hilo. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili na ushei, Januari na Julai, na magharibi haijawahi kumshtukiza mtu. Kule, Desemba, saa tisa na nusu alasiri taa za barabarani zimewaka, na Juni unajifunika shuka usoni ili usingizi uje. Mwaka 2008 watafiti wa Toronto walichapisha vipimo vya DASB vya watu 88 wenye afya, na waliopimwa vuli na baridi namba zao zilikuwa juu kuliko waliopimwa machipuko na kiangazi. Mwaka 2016 wenzao wa Copenhagen walirudia kumpima mtu yuleyule kiangazi na baridi. Wale ambao huzuni ya majira ya baridi haiwagusi, visafirishi vyao vilishuka wakati wa giza. Wale inaowaangusha, hasa wanawake, havikushuka hivyo. Ni matokeo mawili ambayo hayakai vizuri kwenye kikapu kimoja, na sitajifanya nimeyapatanisha. Lakini yote mawili yanasema tarehe ya kipimo ni sehemu ya kipimo. Mimi niliichukulia kama tarehe ya risiti.

Tasnifu nikaiandika upya ikisema sikupata kitu. Nilifaulu. Makala haikutoka.

Miaka michache baadaye, mwaka 2019, nilisoma kazi ya Martin Nørgaard na wenzake wa Copenhagen nikajisikia nimepakwa mafuta kwenye kidonda. Walichukua data za DASB zilezile wakazipitisha njia 384 tofauti: urekebishe kusogea au usirekebishe, uichukue serebelamu hivi au vile, utumie hesabu hii au ile. Namba zinazotoka hazilingani. Na katika mapitio mengine walionyesha kwamba vituo 21 vilivyokuwa vimechapisha vipimo hivi kila kimoja kilikuwa na mazoea yake. Ndipo unapoelewa kwa nini kuhusu sonona kuna makala zinazosema visafirishi vimepungua na nyingine zinazosema hakuna tofauti. Sisemi ubongo wa wagonjwa hauna tofauti. Nasema sehemu ya ubishi ule ni ya jikoni, si ya mgonjwa.

Mahali ambapo picha hizi haziyumbi ni kwenye kupima dawa. Hapo unampima mtu kabla na baada ya vidonge, yeye kwa yeye, na unaona nafasi zilizochukuliwa. Jeffrey Meyer na wenzake, Toronto tena, waliwapima watu waliokuwa wakitumia dawa tano tofauti za jamii hiyo, wakachapisha mwaka 2004: kwenye dozi ya chini inayotibu, takriban asilimia 80 ya visafirishi vimezibwa, kwa zote tano. Na ukiongeza dozi, haipandi sana zaidi ya hapo. Hilo ni jambo ambalo daktari anaweza kulitumia Jumatatu asubuhi.

Nililiona kwa macho kwa njia ya kusikitisha. Tulikuwa tunapima watu wenye afya, wasiotumia dawa yoyote. Akaja kijana mmoja, mcheshi, alitulia vizuri kuliko wote. Nilipochora mistari yake, thalamasi ilikuwa inashuka karibu sambamba na serebelamu. Taa hazikuwaka. Nilidhani nimekosea tena, safari hii nikachora mara tatu. Nikadhani wakemia wametupa dawa mbovu, wakaniletea karatasi za ubora, safi. Msimamizi wangu alitazama kwa sekunde tano, akasema polepole, "Huyu anakunywa vidonge."

Alimpigia simu mwenyewe, mlango umefungwa. Ilikuwa kweli. Kwenye fomu aliweka alama ya "hapana" kwa sababu aliyekuwa anamsaidia kujaza alikuwa binti wa rika lake, na wamekaa meza moja. Binti yule alisoma swali kwa sauti: una ugonjwa wowote wa akili? Nani angejibu ndiyo hapo? Nilikulia nyumba ambayo mjomba alikuwa na sonona miaka saba na jina tulilompa lilikuwa "amechoka". Nilimwelewa yule kijana kabisa. Data zake tukaziondoa, na maswali ya dawa tukayahamishia kwa daktari, chumba cha pembeni, yakiulizwa kwa jina la kidonge badala ya jina la ugonjwa. Tulipaswa kuwa tumefanya hivyo tangu mwanzo.

Nikirudi nyumbani likizo, kuna swali ambalo halinikosi: nije unipime nijue kama nina sonona? Hapana. Hakuna kipimo cha PET kinachomwambia mtu mmoja "unayo" au "huna". Watu wenye afya kabisa, wenye furaha zao, wana namba zinazotofautiana mno. Na anayekuuzia kipimo cha damu cha serotonini akidai kinaonyesha hali ya ubongo wako, mwulize anajua kwamba sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni? PET yenyewe Afrika Mashariki ipo; Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza na saiklotroni yake mwaka 2018. Kazi yake kubwa ni saratani, kwa florini-18 ambayo nusu yake hudumu karibu dakika 110, na kwa foleni ya wagonjwa iliyopo sidhani kama ningeona vizuri mashine hiyo ikikaliwa dakika 90 na mtu mzima wa afya anayewaza pua yake.

Kinyago changu walinipa. Kinatakiwa kutupwa lakini kikishatolewa kitandani hakina mionzi, ni plastiki tu, uso wangu mweupe wenye matundu na pua iliyobonyea kushoto. Nimekitundika ukutani juu ya meza. Juzi nilipiga simu ya video, bibi akakiona nyuma ya bega langu.

"Huyo nani?"

Mimi, bibi. Siku ile niliyopimwa.

Akasogeza simu karibu na macho, akatazama sana. "Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamwambia pua ilikuwa inawasha.

"Kiteremshe. Mtu hajitundiki ukutani angali hai." Halafu akauliza dagaa huko wanauzwa kiasi gani.